Shokapu za Altezza iliyolala: za umbo la kiwandani au koilova? Ulinganisho kwa barabara za Moshi na Arusha

Altezza yangu ni RS200 ya gia za mkono, injini ya 3S-GE, na niliinunua ikiwa imeshalala, yaani imeshushwa karibu na ardhi. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliifungia springi fupi akaacha shokapu zilezile ilizokuja nazo kutoka Japani. Miezi ya mwanzo sikuona ubaya wowote. Moshi mpaka Arusha ni kilomita kama 80 za lami, na gari lilikuwa linashika barabara vizuri kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Ubaya ulijitokeza Jumamosi moja nikipanda Marangu na mama kiti cha mbele, wadogo zangu wawili nyuma na gunia la mahindi kwenye buti. Tangu Njia Panda ya Himo, kila tuta nyuma kulikuwa kunapiga kama mtu ameangusha nyundo ndani ya buti. Tulipofika Marangu Mtoni mama akaniambia, "Mwanangu, safari ijayo mimi napanda Noah."

Shemeji yangu wa Njiro, Arusha, naye ana Altezza, ya AS200 yenye silinda sita. Gari lake lilikuwa na ugonjwa uleule. Tulipigiana simu wiki nzima, tukaulizia Arusha, Moshi na Dar es Salaam, na mwisho tukachagua vitu tofauti. Yeye alifunga koilova, yaani seti ya shokapu na springi zake inayokuruhusu kubadili kimo cha gari. Mimi nilifunga shokapu za umbo la kiwandani zilizokazwa kwa ajili ya springi fupi. Masika mawili yameshapita juu ya magari yote mawili, na kwa kuwa tunabadilishana funguo kila tukikutana, nimeyaendesha yote kwenye barabara zilezile. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye gari lake limelala, shokapu zimekufa, na anataka kutoa pesa mara moja tu.

Kabla ya kuuliza bei, pima

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu haibebi. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Ndani yake kuna pistoni yenye vitundu inayopita kwenye mafuta, na mafuta yakilazimishwa kupenya kwenye vitundu hivyo, ule mchezo wa springi unageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukishuka kutoka Marangu kwa kasi ukaigusa shokapu, unaikuta ya moto.

Rodi ya shokapu ina safari yake, ya kuingia na ya kutoka. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani, pistoni husimama mahali ambapo ina nafasi ya kutosha pande zote mbili. Ukilishusha, pistoni inaanza kazi ikiwa imeshazama, na nafasi iliyobaki kabla ya kufika kwenye raba ya stopa, ile inayozuia rodi isigonge mwisho, inakuwa ndogo. Ikiifikia raba kila mara, raba inakwisha, sili inapasuka, mafuta yanavuja, na sisi tunasema shokapu ilikuwa feki. Fundi wangu wa Majengo, mzee aliyeanza kufungua magari kabla mimi sijazaliwa, aliishika ya kwangu iliyovuja akaniambia, "Mangi, hii haina kosa. Umeinyima pa kupumulia."

Kwenye Altezza kuna nafuu kidogo. Mbele na nyuma imefungwa amu mbili, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, ya juu na ya chini, na shokapu imekaa katikati ya amu ya chini, si kwenye ncha yake. Tairi likipanda milimita 40, shokapu inaingia pungufu ya hapo. Kwenye Subaru Impreza, ambayo mbele shokapu na nguzo ya gurudumu ni kitu kimoja, milimita 40 za tairi zinakaribia kuwa milimita 40 za shokapu. Kwa hiyo usichukue ushauri wa rafiki mwenye Impreza ukauhamishia kwenye Altezza ulivyo.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Nyanyua lile kava la vumbi, funga kamba ndogo ya plastiki, zile za kubania nyaya, kwenye rodi na uisukume mpaka chini iguse mwili wa shokapu. Pita njia yako ya kila siku, na mzigo wako wa kila siku. Ukirudi, angalia kamba imesukumwa mpaka wapi. Yangu ya nyuma, baada ya safari moja ya Marangu, niliikuta imebanwa kwenye raba ya stopa. Ya mbele ilikuwa imebakiza milimita kama 15. Nilipoona hivyo nikajua kuwa gari lilikuwa limelala kupita kiasi kwa maisha ninayoishi, na kwamba shokapu mpya za aina yoyote, zikifungwa juu ya kimo kile, zingekufa kifo kilekile.

Kipimo cha pili: piga jeki mpaka matairi yaning'inie, kisha shika springi kwa mkono. Ikizunguka au kuchezacheza kwenye kikalio chake, ni fupi kuliko shokapu. Springi za kukata kwa grainda karibu zote ziko hivyo. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio, na siku tairi likining'inia kwenye korongo springi inaweza kurudi imekaa upande. Kama gari lako lina springi za kukata, usinunue shokapu yoyote kwanza. Tafuta springi. Hapo sina neno la kulegeza.

Njia zilizopo, kwa ufupi

Njia ya rahisi kuliko zote ni shokapu za kawaida za kubadilishia, kama KYB Excel-G au za Monroe za daraja hilo. Ni za mabomba mawili, moja ndani ya jingine, zenye gesi ya naitrojeni ya mgandamizo mdogo juu ya mafuta. Kwa gari lililo kwenye kimo chake ni chaguo zuri. Kwa gari lililoshushwa kuna shida mbili. Urefu nimeshauzungumzia. Shida nyingine ni nguvu. Springi fupi huwa ngumu zaidi, na springi ngumu inahitaji kutulizwa zaidi. Nguvu ya kutuliza inayotakiwa hupanda kwa kipeuo cha pili cha ugumu wa springi: springi ikiwa ngumu kwa asilimia 30 zaidi, shokapu inatakiwa iwe na nguvu zaidi kwa asilimia kama 14. Si tofauti kubwa ya kutisha, lakini shokapu ya kawaida haina hiyo akiba, na utaiona pale nyuma inapopanda mara ya pili na ya tatu baada ya tuta moja.

Juu ya hizo kuna shokapu za umbo lilelile la kiwandani zilizokazwa makusudi kwa springi fupi. KYB wanaziita New SR Special. Zinaingia kwenye maunti zilezile, yaani vishikio vinavyoifunga shokapu kwenye bodi, hazina kitu cha kuzungusha, na ukishazifunga umemaliza. Hizi ndizo nilizochukua, na nitazirudia.

Kisha kuna za bomba moja zilizofupishwa, na mfano wake mkubwa ni Bilstein B8. Bilstein ndio waliozipeleka shokapu za gesi za bomba moja kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi, wakianza na Mercedes-Benz mwaka 1957. Humo gesi ina mgandamizo mkubwa na imetenganishwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, kwa hiyo mafuta hayatoi povu hata yakichemka, na joto linatoka moja kwa moja kwenye ukuta wa bomba kwenda hewani. Msomaji aangalie herufi na namba: B6 ni ya kimo cha kiwandani au kushusha kidogo sana, B8 ndiyo iliyofupishwa kwa springi fupi. Nimeona mtu Arusha akiuziwa B6 kwa gari lililolala milimita 50 na kuambiwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

B8 nilizitamani sana. Kilichonirudisha nyuma ni mawe. Kwenye shokapu ya bomba moja, pistoni inateleza kwenye ukuta uleule unaouona kwa nje. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama pale au inakwaruza sili yake, na shokapu imekwisha. Ya mabomba mawili ikibonyea kidogo kwa nje, bomba la ndani linaendelea na kazi. Mimi kilomita tatu za mwisho kwenda kwa mama ni changarawe na mawe yaliyochomoza, kila wiki. Kwa mtu wa lami tupu, anayekimbia Arusha na Dar es Salaam mara kwa mara, hofu hiyo haina uzito, na B8 itamfurahisha kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii. Ajue tu kwamba mgandamizo wa gesi husukuma rodi nje na kulinyanyua gari milimita chache.

Koni za njano, Koni Sport, nazo zinatajwa sana. Ni za Uholanzi, kutoka kampuni iliyoanza mwaka 1857 ikitengeneza hatamu na vifaa vya farasi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurekebisha nguvu ya kurudi, yaani pale springi inapotanuka baada ya kubanwa, na kadiri shokapu inavyozeeka unaikaza kidogo. Nguvu ya kubanwa haiguswi. Kwenye baadhi ya magari kitasa kiko juu, unazungusha gari likiwa limesimama. Kwenye mengine lazima uitoe shokapu, uibane mpaka mwisho ndipo uizungushe. Uliza hilo kabla ya kununua, kwa sababu shokapu ya kurekebishwa ambayo inataka nusu siku ya gereji kila unapoirekebisha hutairekebisha.

Za mtumba kutoka Japani nazimaliza kwa sentensi mbili. Altezza ilitoka mwaka 1998, ikashinda tuzo ya gari la mwaka la Japani kwa 1998–1999, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005, kwa hiyo shokapu yoyote ya asili itakayotolewa kwenye gari lililovunjwa ina umri wa miaka 20 au zaidi. Hata ikiwa kavu kwa nje, mafuta yake na gesi yake vimezeeka, na utakuwa umenunua miezi michache tu.

Koilova ya shemeji na za kwangu, ubavu kwa ubavu

Koilova ni shokapu na springi vilivyotengenezwa pamoja, zenye nyuzi kwenye mwili ili upandishe au ushushe kimo. Nazo haziko sawa. Tein Street Basis Z ina nguvu moja isiyobadilika, na kimo unakibadili kwa kusogeza kikalio cha springi. Ukishusha, unakula safari ya rodi kama ilivyo kwa springi fupi. Tein Flex Z na BC Racing BR zinabadilishwa kimo kwa kuzungusha kipande cha chini, kwa hiyo urefu wa shokapu nzima unabadilika na safari ya rodi inabaki ilivyo. Flex Z ina hatua 16 za kukaza na kulegeza, BR ina 30. Flex Z ni ya mabomba mawili na imezibwa, haifunguliwi kukarabatiwa: ikifa unanunua nyingine ya upande ule. BR ni ya bomba moja. Shemeji alichukua ya aina hii ya kubadilisha urefu mzima, na kama unakwenda kwenye koilova, naomba uende huko. Tofauti ya bei na ile ya kikalio si kubwa kama tofauti ya matokeo.

Tuanzie kwake, Arusha. Kutoka Njiro mpaka katikati ya mji, kisha barabara ya njia nne kupitia Sakina, gari lake ni zuri kuliko langu. Linageuka kabla hujamaliza kufikiria, na kwenye mizunguko halilali upande. Akikaza hatua tatu zaidi linakuwa gari la mashindano, akilegeza linabebeka. Mimi sina cha kuzungusha. Kwenye lami safi, yeye ameshinda na sibishani naye.

Ukitoka kuelekea Moshi mambo yanaanza kubadilika. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kila penye watu pana matuta au rasta, ile mistari ya vituta vidogo vilivyofuatana, na kila penye matuta pana kibao cha 50 na mara nyingi askari mwenye tochi. Ukipita kwa mwendo huo, tuta la duara gari lake linalipita kwa pigo moja kavu, linakwisha. Langu linazama, linapanda, linatulia. Rasta ndizo zinazonionyesha tofauti. Kwake kila mstari unaingia mpaka kwenye meno, kwa sababu springi zake ni ngumu na tairi la 215/45 kwenye rimu ya inchi 17 halina nyama ya kumeza chochote. Kwangu rimu ni hizohizo, lakini springi na shokapu zinameza sehemu. Dada yangu, ambaye ndiye anayekaa kiti cha pembeni kwenye magari yote mawili, hakusita hata kidogo: safari ndefu anataka langu.

Sasa mzigo, na hapa nilikosea hesabu mwanzoni. Nilidhani kwa kuwa langu ni laini ndilo litakalobeba vizuri. Chukua springi ya nyuma yenye ugumu wa kilo 3 kwa milimita. Ukiongeza kilo 100 nyuma, kila upande 50, springi inazama milimita kama 17, na kwenye tairi ni zaidi. Yenye ugumu wa kilo 6 inazama milimita 8 tu. Kwa hiyo koilova ngumu haizami sana chini ya abiria na gunia, na inabakiwa na safari. Isitoshe, mwezi Desemba, wakati wote tunapanda nyumbani na magari yamejaa zawadi, mbuzi anatangulia na pikipiki na sisi nyuma, shemeji analala chini ya gari lake jioni moja na kulipandisha milimita 20. Anakwenda Rombo, anarudi, analishusha. Mimi siwezi kufanya hivyo.

Kile ambacho hesabu hiyo haikioni ni barabara ya kona na makorongo yenyewe. Kwenye changarawe za kwenda kwa mama, tairi linaingia shimo moja na kutoka mara kumi kwa dakika, na springi ngumu inalirusha gari badala ya kulifuata shimo. Tairi likiruka, hakuna breki na hakuna usukani. Nimeliendesha gari la shemeji pale likiwa limelegezwa mpaka hatua ya mwisho, na bado nilishuka gia mahali ambapo langu linapita kwa gia ya pili bila wasiwasi. Na kupandisha na kushusha kimo si kazi ya bure. Kila kimo kikibadilika, mlalo wa matairi unabadilika, maana amu mbili zinayavuta matairi yalalie ndani kadiri gari linavyoshuka. Usipokwenda kupima alaimenti, yaani mkao wa matairi, kila mara, matairi yanaliwa upande wa ndani ambao huuoni mpaka waya utokeze. Shemeji alibadilisha matairi mawili ya nyuma kwa njia hiyo, na sasa anahesabu alaimenti mbili za Desemba kama sehemu ya nauli.

Kisha vumbi. Udongo wetu wa volkeno, wa Meru na wa Kilimanjaro, ni laini kama unga wakati wa kiangazi na unanata kama gundi wakati wa masika. Kwenye koilova unajaza nyuzi na zile pete za kufungia. Masika ya kwanza shemeji hakuzisafisha, na Juni ilipofika pete moja ya nyuma ilikataa kufunguka kabisa. Fundi aliitoa kwa nyundo na patasi na kuiharibu. Sasa anazisugua kwa brashi na maji kila mwezi, anazikausha na kuzipaka mafuta. Kazi ya dakika 40, lakini kila mwezi. Za kwangu nazimwagia maji ninapoosha gari, basi. Naangalia tu kama kava la vumbi halijachanika, kwa sababu vumbi hilohilo likikaa kwenye rodi linailamba sili kama msasa.

Upande wa bei, mpangilio wake tulipoulizia ulikuwa hivi kutoka chini kwenda juu: za kawaida, zilizokazwa za umbo la kiwandani, koilova za Tein, kisha BC, Koni na Bilstein zikikaribiana huko juu kutegemea nani anaagiza na kwa njia gani. Lakini kwenye koilova springi zimo, na mara nyingi na maunti za juu zimo. Kwenye zangu ilibidi ninunue springi nyingine, raba za stopa, makava na maunti. Nilipojumlisha yote, nafuu yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyomwambia mke wangu mwanzoni.

Ndiyo, springi nyingine. Zile za kushusha milimita 45 alizoniachia mwenye gari nilizitoa, nikafunga za kushusha milimita 30. Iliniuma. Gari lililolala vizuri lina sura ambayo hakuna kitu kingine kinachoipa, na mimi nalipenda gari hili. Lakini kamba ya plastiki ilikuwa imeshanionyesha. Kwa milimita 30, pamoja na raba ya stopa iliyopunguzwa kama karatasi ya springi ilivyoelekeza, wiki iliyofuata nilipanda Marangu na watu wanne na gunia, na kamba ya nyuma ikasimama milimita 20 kabla ya raba.

Uamuzi wangu ni huu, na nauweka wazi. Kama umeshusha au uko tayari kuishia milimita 30, na kila wiki unabeba watu au unaacha lami, iwe ni Uru, Kibosho, Moshono au Ngaramtoni ya ndani, chukua shokapu zilizokazwa za umbo la kiwandani. Kama hutaki kabisa gari lilale pungufu ya milimita 40, basi hazikufai, usizilazimishe: chukua koilova ya kubadilisha urefu mzima, au B8 na springi zake kama njia yako ni ya lami. Kama unaendesha peke yako mjini, unapenda kurekebisha, na una moyo wa kusafisha nyuzi kila mwezi, koilova ni yako na utaifurahia. Kufunga shokapu za kawaida chini ya springi fupi kwa kuwa ndizo zilizopo dukani leo ndiyo njia pekee ninayokukataza.

Kununua na kufunga

Zangu ziliagizwa Gerezani, Kariakoo, zikaja Moshi kwa basi. Jozi ya kwanza niliyoletewa na muuzaji mmoja ilikuwa feki na nikaijua kabla haijafungwa. Shokapu yenye gesi ukiisukuma rodi mpaka chini na kuiachia, inapanda yenyewe, polepole na bila kusita. Ile moja ilibaki chini. Nyingine ilipanda, lakini katikati kulikuwa na mahali pepesi, kama mguu umekosa ngazi. Agiza kwa namba ya chesisi, si kwa kusema "Altezza" tu. Linganisha namba iliyo kwenye boksi na iliyochapwa kwenye mwili wa shokapu, na usilipe mpaka umezisukuma zote nne mbele ya aliyekuletea.

Za mabomba mawili zikisafirishwa zimelala, gesi inaingia mahali pa mafuta. Kabla ya kufunga zishike wima, zisukume mpaka chini na kuzivuta mpaka juu mara nne au tano, mpaka pale pepesi paishe. Kama hapaishi, rudisha.

Simama karibu na fundi wakati wa kukaza nati ya juu. Rodi ikizunguka, wengi wanaishika kwa plaizi. Meno ya plaizi yanaacha mikwaruzo kwenye rodi, na mkwaruzo mmoja unapopita kwenye sili mara elfu, shokapu mpya inavuja kabla ya mwezi. Rodi ina sehemu ya kushikiwa kwenye ncha, ishikwe hapo.

Bolti za bushi zisikazwe mwisho gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Bushi ya mpira ikikazwa hivyo, gari likitua inabaki imejisokota maisha yake yote, na inapasuka mapema. Zikazwe nusu, gari litue kwenye matairi, lisukumwe chini mara kadhaa, ndipo zikazwe kabisa. Kwenye magari ya umri huu ni vyema bushi za amu za chini na bolijointi zikaguliwe siku hiyohiyo, maana shokapu mpya inakaza kila kitu na kilicholegea kinaanza kugonga. Mimi nilisikia mlio wa mbele kulia siku ya pili nikadhani shokapu ina kasoro. Ilikuwa bolijointi ya chini, ambayo ile shokapu ya zamani iliyochoka ilikuwa haiitingishi vya kutosha hata igonge.

Badilisha mbili za mbele pamoja, mbili za nyuma pamoja, kamwe si upande mmoja. Alaimenti siku hiyohiyo au kesho yake. Kisha endesha kilomita kama 500, rudi kwa fundi akaze tena nati zote, na uiache ile kamba ya plastiki kwenye rodi ya nyuma mpaka safari yako ya kwanza yenye mzigo kamili.